Utumbo uliorudi rangi bila kurudi mwendo: uchambuzi wa kisa cha ateri iliyoziba

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na namna ugonjwa huu unavyojitokeza kwa kawaida katika hospitali za Afrika Mashariki, na hakimhusu mgonjwa mmoja mahususi. Kimechaguliwa kwa sababu upasuaji wake ulifaulu kwa vigezo vyote ambavyo jicho la mpasuaji linaweza kuvipima, na hata hivyo mgonjwa alikaa wiki nyingi na utumbo usiosukuma kitu. Hoja inayotetewa ni kwamba damu inapokatika, tabaka za ukuta wa utumbo haziumii kwa wakati mmoja wala haziponi kwa njia moja, na kwamba seli za neva zilizomo ndani ya ukuta huo ndizo zinazolipa deni la muda mrefu zaidi.

Usiku wa kwanza

Mwanamke wa miaka 36, mkulima, alishikwa na maumivu ya tumbo saa tatu usiku. Yalianza ghafla, yakawa makali kiasi cha kumfanya ajigeuze kitandani bila kupata nafuu upande wowote, akatapika mara mbili na kuharisha mara moja. Katika kituo cha afya kipimo cha malaria kilikuwa hasi, tumbo liliposhikwa lilikuwa laini, na afisa tabibu, akikosa dalili ya tumbo gumu, alimpa dawa ya vidonda vya tumbo na sindano ya maumivu. Tofauti hiyo kati ya maumivu makubwa na tumbo laini ndiyo iliyopaswa kutiliwa shaka. Utumbo unaokosa damu huuma mapema kwa sababu misuli yake hukaza kwa nguvu, ilhali utando unaofunika viungo vya tumbo, ambao ndio unaolifanya tumbo liwe gumu kama ubao, huchokozwa baadaye sana, kuoza kunapofika upande wa nje wa ukuta.

Historia yake ilikuwa na jibu. Tangu ujana alijulikana kuwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ule unaoanza na maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka utotoni na kuishia kwenye vali zilizokakamaa. Vali yake ya mitrali ilikuwa imesinyaa, chumba cha juu kushoto cha moyo kilikuwa kimetanuka, na kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kilionyesha kuwa vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kubana kwa mpangilio. Katika chumba kilichotanuka namna hiyo damu hutuama na kuganda. Alikuwa ameandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini kwa wiki kadhaa hakuwa akiimeza, kwa kuwa kipimo cha INR, kinachoonyesha kasi ya damu kuganda na ambacho bila hicho dawa hiyo haiwezi kutolewa kwa usalama, kilipatikana mjini tu, na nauli haikuwepo. Dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho hazikuwa suluhisho rahisi kwake: jaribio la INVICTUS lililochapishwa mwaka 2022, lililolinganisha rivaroxaban na dawa za jamii ya warfarini kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mtetemo wa aina hii, lilionyesha kuwa waliotumia jamii ya warfarini walipatwa na vifo na madhara ya moyo na mishipa ya damu kwa kiwango kidogo zaidi.

Alifika hospitali ya rufaa saa nane usiku. Picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa ya damu ilionyesha donge la damu ndani ya ateri ya juu ya mesenteri, mshipa mkuu unaolisha utumbo mwembamba, sentimita chache baada ya kuchomoza kwake kwenye aota, mshipa mkubwa utokao moyoni, chini kidogo ya mahali linapotoka tawi linalokwenda kwenye sehemu ya kati ya utumbo mpana. Hapo ndipo madonge yatokayo moyoni hupenda kukwama, kwa kuwa ateri hupungua upana baada ya tawi hilo. Matawi ya kwanza ya jejunamu, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, yalibaki wazi. Alianzishiwa heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), maji ya mshipani na antibiotiki, akaingizwa chumba cha upasuaji. Ateri ilifunguliwa, donge likavutwa kwa katheta ya Fogarty, kifaa chenye kipulizo kidogo kwenye ncha ambacho kilielezwa mwaka 1963, na kufikia saa kumi na moja alfajiri damu ilikuwa inapita tena. Tangu maumivu yaanze zilikuwa zimepita saa nane.

Sentimita 120 za ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, zilikuwa nyeusi na kulegea, zikakatwa. Juu yake kulikuwa na kipande cha takriban sentimita 90 kilichokuwa na rangi ya zambarau wakati wa kufungua tumbo, na ambacho ndani ya nusu saa baada ya damu kurudi kiligeuka waridi, mapigo ya vijiateri vyake yakaonekana kwenye mesenteri, utando unaobeba mishipa ya utumbo. Sentimita za mwisho za ileamu pamoja na utumbo mpana zilikuwa salama, zikilishwa na ateri ya pembezoni inayopita kando ya utumbo mpana. Wapasuaji hawakuunganisha ncha siku hiyo. Walizifunga, wakarudi baada ya saa 40 kutazama mara ya pili, jambo ambalo ni utaratibu mzuri kwa ugonjwa huu, wakakuta kipande chote cha waridi kingali waridi. Walipunguza ncha kwa sentimita chache, wakaunganisha, wakapeleka vipande vilivyopunguzwa maabara ya patholojia.

Kuna vigezo vitatu ambavyo wapasuaji hufundishwa kuvitazama wanapoamua kama utumbo ni mzima: rangi, mapigo ya ateri, na mwendo wa misuli unapoguswa. Viwili vya kwanza vilikuwa vizuri. Cha tatu, kwa mujibu wa maelezo ya upasuaji, kilikuwa "hafifu", na neno hilo lilipita bila kuzungumziwa. Sioni kosa katika uamuzi wa kutokikata kipande hicho. Naona tu kwamba neno hilo moja lilikuwa limebeba utabiri wa yote yaliyofuata.

Siku ya tano na kuendelea

Baada ya upasuaji wowote wa tumbo utumbo husimama kwa muda. Utumbo mwembamba kwa kawaida huanza tena kazi ndani ya siku moja, tumbo lenyewe (mfuko wa chakula) ndani ya siku moja hadi mbili, na utumbo mpana ndani ya siku mbili hadi tatu. Kwa mgonjwa huyu siku ya tano ilifika bila upepo wala choo. Tumbo lilijaa, mrija wa puani ulikuwa unatoa zaidi ya lita moja ya maji ya kijani kwa siku, na stethoskopu ilipowekwa hapakusikika kunguruma.

Sababu za kawaida zilitafutwa moja baada ya nyingine. Potasiamu ilikuwa imeshuka, ikarekebishwa, hali isibadilike. Morfini ilipunguzwa na nafasi yake kuchukuliwa na parasetamoli. Picha ya CT ya pili haikuonyesha usaha wala kuvuja kwa maungio, na ateri ilikuwa wazi. Dawa ya kung'arisha iliyonyweshwa ilifika utumbo mpana, lakini baada ya siku mbili, ikiwa imekaa muda wote huo katika kipande kilekile cha juu ya maungio, ambacho kilikuwa kimetanuka. Hapakuwa na kizuizi. Palikuwa na sehemu ya utumbo ambayo vitu viliipita kwa kusukumwa kutoka nyuma tu.

Siku ya tisa jibu la patholojia lilifika. Lilieleza kwamba utando wa ndani wa ncha ya juu, ingawa vijidole vyake vya kufyonza chakula vilikuwa vimefupika, ulikuwa tayari umefunikwa upya na seli changa. Misuli ilikuwa imevimba kidogo lakini nyuzi zake zilikuwa zinatambulika. Katikati ya tabaka mbili za misuli, mahali penye mtandao wa neva wa Auerbach, hali ilikuwa tofauti: ndani ya vifundo vya neva seli nyingi zilikuwa na viputo vitupu, nyingine zimesinyaa na viini vyake kuwa vyeusi, na katika baadhi ya vifundo palibaki nafasi tupu zilizozungukwa na seli saidizi na seli nyeupe za damu.

Kilichotokea ndani ya ukuta wa utumbo

Ukuta wa utumbo una mfumo wake wa neva, wenye mamia ya mamilioni ya seli, uliopangwa katika mitandao miwili mikubwa. Georg Meissner alieleza mtandao ulio chini ya utando wa ndani mwaka 1857, na Leopold Auerbach akaeleza ule ulio katikati ya misuli katika miaka ya 1860. Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba utumbo ukitanuliwa na kitu kilichomo ndani yake hukaza juu ya kitu hicho na kulegea chini yake, na kwamba hufanya hivyo hata baada ya kukatiwa neva zote zinazotoka nje. Mwendo wa kusukuma chakula unahitaji mambo yote mawili. Seli zinazoamuru kukaza hutumia hasa kemikali iitwayo asetilikolini. Zinazoamuru kulegea hutumia hasa gesi ya nitriki oksaidi. Utumbo unaoweza kukaza lakini hauwezi kulegea mbele ya chakula hausukumi chochote, kama mlango unaosukumwa na watu wa pande zote mbili.

Damu ya utumbo haigawanywi sawasawa. Sehemu kubwa, takriban robo tatu, huenda kwenye utando wa ndani, ambako seli hufanya kazi kubwa ya kufyonza na kutoa maji. Utando huo ndio wa kwanza kuumia damu inapokatika, na ncha za vijidole vyake huanza kubabuka mapema kwa sababu hata katika afya njema zinapata oksijeni kidogo: ateri na vena ndani ya kijidole zimepita karibu mno, na sehemu ya oksijeni huvuka njiani kabla ya kufika kileleni. Lakini utando huu una uwezo ambao tabaka nyingine hazina. Seli zake hubadilishwa zote kila baada ya siku tatu hadi tano, zikizaliwa kwenye vishimo vilivyo chini ya vijidole. Madhali vishimo vimenusurika, kidonda hufunikwa haraka. Ndiyo maana maabara ilikuta ngozi mpya ndani ya saa 40.

Seli za neva za utumbo ziko katika hali iliyo kinyume. Ni ngumu kuliko seli za ubongo, ambazo huanza kufa ndani ya dakika chache za kukosa damu. Tangu mwaka 1913 Walter Cannon na Burket waliandika juu ya ustahimilivu huu wa seli za mtandao wa Auerbach, ambao unapimwa kwa saa. Kwa hiyo mgonjwa anayefunguliwa ateri mapema anaweza kupona kabisa. Muda ukipita mpaka wa ustahimilivu huo, hata hivyo, seli iliyokufa haina mrithi wa uhakika. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walidai kwamba neva za utumbo wa panya mzima huzaliwa upya mfululizo; wengine waliotumia mbinu tofauti hawakuona hivyo, na mjadala haujafungwa. Kwa mtu aliye kitandani mjadala huo hauna msaada: hakuna tiba inayotegemewa ya kurudisha seli hizo.

Namna seli inavyokufa inaeleweka kwa kiasi kizuri. Seli ya neva hutumia nguvu nyingi kuendesha pampu zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Oksijeni ikikatika, ATP, molekuli inayobeba nguvu ya seli, huisha, pampu husimama, sodiamu na maji huingia, seli huvimba, na chaji ya umeme ya utando wake hupotea. Hapo milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu nyingi ndani ya seli huamsha vimeng'enya vinavyokata protini na mafuta ya seli yenyewe, na hujaza mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, hadi zishindwe kufanya kazi. Wakati huohuo seli zilizoumia humwaga ATP iliyobaki nje, na huko nje ATP hugeuka kuwa ishara: hushika vipokezi vya aina ya P2X7 vilivyo juu ya seli za neva na kufungua njia nyingine ya kalsiamu kuingia. Maabara ya São Paulo, Brazili, imechunguza vipokezi hivi kwa miaka mingi katika ileamu ya panya iliyokatiwa damu, na imeonyesha kwamba kuvizuia kunapunguza upotevu wa neva. Ni matokeo ya panya, na dawa iliyotumika haijawa tiba ya wodini.

Kurudi kwa damu, ambako ndiko kulikookoa maisha ya mgonjwa huyu, kulikuja na madhara yake. Wakati wa ukosefu wa oksijeni ATP huvunjika hadi kuwa haipozanthini, na kimeng'enya kinachoishughulikia hugeuka kuwa zanthini oksidasi. Oksijeni inaporudi, kimeng'enya hicho huitumia kuzalisha molekuli kali za oksijeni zinazochoma utando wa seli. Granger, McCord na wenzao walieleza jambo hili katika utumbo wa paka mwaka 1981, na miaka mitano baadaye Parks na Granger walionyesha kwamba saa tatu za kukosa damu zikifuatwa na saa moja ya damu kurudi ziliharibu utando wa ndani kuliko saa nne kamili za kukosa damu. Seli nyeupe za damu huingia kwa wingi katika saa zinazofuata, zikaongeza uchomaji huo.

Hapa ndipo seli zinazoamuru kulegea zinapoathirika kwa namna ya pekee. Seli hizi hutengeneza nitriki oksaidi. Gesi hiyo peke yake ni mjumbe wa kawaida, lakini ikikutana na molekuli kali za oksijeni hutengeneza peroksinitriti, ambayo hushambulia protini za seli ileile iliyozalisha gesi. Kikundi cha John Furness huko Melbourne kilikuta katika wanyama wa maabara alama za shambulio hili ndani ya neva za utumbo baada ya damu kukatwa na kurudishwa, na neva zinazotengeneza nitriki oksaidi zikiwa miongoni mwa zilizodhurika. Ikiwa kwa mgonjwa wetu ndizo zilizokufa zaidi, jambo ambalo ripoti ya kawaida ya patholojia haiwezi kulithibitisha bila rangi maalumu za kutambua aina za neva, basi kipande chake kilipoteza kwanza uwezo wa kulegea kwa wakati unaofaa.

Kwa nini basi kipande hicho hakikufa chote kama kile kilichokatwa? Kwa sababu hakikukosa damu kabisa. Matawi ya kwanza ya jejunamu yaliyobaki wazi yaliendelea kupitisha damu kidogo kwenye matao yanayounganisha ateri za jirani, na damu hiyo ilipungua kadiri umbali ulivyoongezeka kwenda chini. Karibu na matawi hayo tabaka zote zilipona. Mbali nayo zote zilikufa. Katikati palikuwa na ukanda uliopata damu ya kutosha kuokoa vishimo vya utando wa ndani na nyuzi za misuli, lakini isiyotosha kuziokoa neva kwa saa nane. Mpaka kati ya ukanda huo na utumbo mzima hauonekani kwa macho, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika upasuaji wa ugonjwa huu.

Kukata au kuacha

Jibu la patholojia lilibadilisha namna ya kufikiri juu ya dawa. Metoklopramidi, dawa ya kuhimiza mwendo wa tumbo, ilikuwa imeshajaribiwa bila mafanikio. Neostigmini, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe, ilitolewa mara moja chini ya uangalizi wa mapigo ya moyo. Utumbo mpana uliitikia, akapata choo kidogo, lakini kipande kilichotanuka hakikubadilika. Mwitikio huo wa nusu unaeleweka. Neostigmini huongeza nguvu ya asetilikolini iliyokwisha kutolewa na neva hai. Palipo na neva inafanya kazi. Pasipo na neva haina cha kuongeza, na kurudia dozi kungeongeza tu hatari kwa moyo uliokuwa tayari mgonjwa.

Katika wiki ya tatu timu ilijadili kurudi tumboni na kukiondoa kipande hicho. Hoja ya kukata ilikuwa ya wazi: utumbo usiosukuma hutuamisha chakula, bakteria huzidi ndani yake, tumbo hujaa na mgonjwa hapati lishe. Hoja ya kuacha ilitegemea hesabu. Baada ya upasuaji wa kwanza zilibaki takriban sentimita 250 za utumbo mwembamba. Ukiondoa 90 zinabaki 160, na mtu mzima aliye chini ya sentimita 200 yuko katika hatari ya kushindwa kufyonza chakula cha kumtosha, hali ambayo tiba yake ni lishe ya mshipani kwa muda mrefu, na ambayo katika hospitali nyingi za mikoani haiwezekani kuiendesha nyumbani. Utando wa ndani wa kipande hicho ulikuwa hai. Kilikuwa hakisukumi, lakini kilikuwa kinafyonza.

Waliamua kukiacha, na nadhani waliamua vyema, ingawa uamuzi huo ulimgharimu mgonjwa wiki nyingine za mrija na uji mwepesi. Chakula kilianza kwa kiasi kidogo sana, mililita chache kila saa, kikaongezwa polepole kadiri utumbo wa juu ulivyojifunza kusukuma kwa nguvu zaidi kupita kipande kilicholala. Katika wiki ya sita alitolewa mrija. Huenda baadhi ya neva zilizoonekana kuumia hazikuwa zimekufa, na zilipona. Huenda seli za Cajal, zinazopanga midundo ya misuli na ambazo katika majaribio ya wanyama huumia na kisha kurudi, zilikuwa zimejijenga upya. Picha iliyopigwa mwezi wa nne ilionyesha dawa ya kung'arisha ikipita eneo hilo kwa saa kadhaa badala ya siku mbili.

Anakula milo sita midogo kwa siku, anaepuka maharage na mboga zenye nyuzi nyingi, na tumbo likianza kujaa na kuharisha hupewa antibiotiki za siku chache kupunguza bakteria waliozidi. Warfarini amerudishiwa, na kipimo cha INR sasa kinafanyika katika hospitali ya wilaya iliyo karibu na kijiji chake. Faili lake limeandikwa kwamba apimwe uzito kila mwezi, na kwamba kipande hicho kikatwe ikiwa tu uzito utaendelea kushuka kwa miezi mitatu mfululizo licha ya chakula na antibiotiki. Ikifikia hapo, ncha zote mbili zikaguliwe kwa darubini chumbani humohumo cha upasuaji, hadi vifundo vya neva vyenye seli nzima vionekane, kabla ya kuunganishwa.